Pikipiki ya Kuazima

Inspekta Noela Mbwambo hakuwa mtu wa kukaa. Kiti alichopewa na ofisi ya upelelezi ya Babati kilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, na askari walitaniana kwamba kitastaafu kikiwa kipya. Mkoa wenyewe wa Manyara ulikuwa bado unanukia rangi. Asubuhi hiyo alikuwa anaizunguka meza, funguo za pikipiki zikilialia mkononi, na kwenye benchi alikaa kijana Nickson akimfuata kwa macho mpaka shingo ikaanza kumuuma.

"Rudia," Noela alisema.

"Afande, nimesharudia."

"Rudia tena. Mimi mgumu kuelewa."

Nickson akashusha pumzi. Alikuwa kijana wa Nakwa, mwembamba, buti lake la kushoto limelika upande mmoja kwa kuburuzwa ardhini, kama mabuti ya wenzake wote wa timu ya pikipiki ya Babati. Jumamosi, kwenye uwanja wa Bonga, katika raundi ya mwisho ya msimu dhidi ya Kondoa, waliopangwa kuipandia Babati walikuwa yeye na Damasi. Damasi alikuwa amezikwa jana.

"Tulikuwa wanne kwenye utepe wa kuanzia, sisi wawili na Kondoa wawili. Mnyororo wa Damasi ukakatika pale pale. Kengele ikagongwa. Ikigongwa, upate pikipiki nyingine haraka au utoke. Wilbroad akaja mbio anaisukuma ya kwake, akampa. Tukaondoka. Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya upande wa barabara ya Dodoma, Damasi yuko mbele yangu, nikasikia injini yake imekata. Basi."

"Basi nini?"

"Ikamrusha, afande."

"Injini kuzima ndiyo imrushe mtu? Ya kwangu inazima kila siku. Nashuka, nasukuma."

Nickson akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu atolewe kitandani alfajiri. Hatimaye alikuwa ameulizwa kitu anachokijua.

"Barabarani ikizima unasukuma. Zetu hazina breki, na kwenye kona hatuzungushi usukani, tunaitelezesha. Tairi la nyuma linazunguka kwa nguvu ya injini, linateleza, mguu wako wa kushoto uko chini. Ni ile nguvu ndiyo imekushikilia. Ikikata ghafla, tairi linauma ardhi, pikipiki inasimama wima, inakutupa kwenye uzio. Mtu yeyote aliyewahi kupanda pale anajua."

"Kwa hiyo wewe unajua."

"Najua."

"Na pikipiki ilikuwa ya Wilbroad. Angeanguka Wilbroad, nani angekwenda Arusha?"

Tabasamu likafa. Habari ya Arusha ilijulikana mji mzima: timu moja ya daraja la kwanza ilikuwa inatafuta mpanda mmoja tu kutoka Babati, na waliokuwa wanatazamwa ni Wilbroad, Damasi na yeye Nickson.

Mchezo wenyewe Babati waliachiwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya bonde la Kiru, Bwana Haroldi, ambaye ujanani alishindana kwao Uingereza, daraja la pili, msimu ule watu walipotoka vitani na kuunga pikipiki kwa vyuma vya kuokoteza. Alikuja na kanuni za kwao akazipanda hapa, zikaota: duara la vumbi, wapanda wanne, mizunguko minne, kona zote kushoto, breki hakuna. Na kanuni moja wazee wa ligi waliishika kuliko zote: mwenzako akiharibikiwa kwenye utepe, unampa pikipiki yako, hata kama jana mlitukanana. Haroldi alishakufa na kuzikwa huko huko Kiru. Daraja lake la pili lilikuwa hai, na Jumamosi lilikuwa limeua.

Mkuu wa Noela alikuwa ameshaimaliza kesi kichwani. Pikipiki ni ya Wilbroad, Wilbroad na Damasi wanagombea nafasi moja, na polisi walipofika walikuta tangi limekaushwa, na alipoulizwa, Wilbroad alifunga mdomo. Yuko mahabusu, kesho anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Nini tena? Lakini Noela hakulala. Wilbroad angejuaje kwamba mnyororo wa Damasi ungekatika? Aliyeichezea pikipiki ile, alijiambia, alimtaka Wilbroad mwenyewe, na Damasi aliingia tu kwenye mtego wa mwingine.

Kisha akapata shahidi. Katarina, anayeuza maandazi kwenye uzio wa uwanja, alisema watu wote walipomkimbilia Damasi, mmoja alibaki ameinama kwenye pikipiki iliyoanguka, anamwaga mafuta mchangani. Sura hakuiona kwa vumbi. Aliona kofia ngumu yenye kitambaa chekundu. Na katika raundi ile, mwenye kitambaa chekundu alikuwa Nickson.

"Afande, mimi nilikuwa nimempakata Damasi," Nickson alisema. Sauti ilianza kumpasuka. "Damu yake iko kwenye shati langu. Mama amekataa kulifua."

Mlango ukagongwa. Aliingia Mzee Aniceti, ambaye kazi yake uwanjani ni kufyatua utepe, na alibeba kigunia cha vitambaa kwapani kama alivyoagizwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Poleni na kazi."

"Kitambaa chekundu ni cha nani?"

"Si cha mtu, ni cha raundi. Kila raundi wanabadilishana rangi. Tena ninazo seti mbili. Hawa wakiwa uwanjani na seti moja, waliotoka bado wamevaa ile nyingine mpaka niwadai."

Noela akaacha kuzunguka. "Raundi iliyotangulia ile ya Damasi, nyekundu alivaa nani?"

Mzee Aniceti alikitazama kigunia chake kwa huzuni, akaingiza mkono, akatoa kitambaa chekundu kilichokakamaa. Harufu ya petroli ikajaa ofisini.

"Wilbroad. Nilimdai baadaye, akanitupia kimelowa hivi. Nilidhani ni kuchanganyikiwa tu, mama. Sote tulichanganyikiwa."

Hapo ndipo asubuhi nzima ya Noela ilipovunjika. Alikuwa amemtoa mtoto wa watu kitandani siku moja tu baada ya kumzika rafiki yake, na njia aliyoifuata kwa mbwembwe ilikuwa imezunguka na kumrudisha kwenye mlango wa mahabusu. Akamwambia Nickson aende, akamwomba radhi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyuma ya kituo, chini ya bati, usukani umepinda. Upepo wa Agosti ulikuwa unashuka kutoka mlima Kwaraa na kurusha vumbi mpaka ndani ya meno. Noela akapiga magoti. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga kule Same, na likizo zake za shule ziliishia kwenye grisi, kwa hiyo hakuhitaji wa kumwonyesha kitu. Tangi kavu. Mpira wa mafuta umechomolewa. Koki ya mafuta ilikuwa imegeuzwa kwenye rizevu, mafuta ya akiba.

Akakaa juu ya visigino. Wapanda hawa hawajazi tangi, maana uzito unawachelewesha. Wilbroad alikuwa amepanda raundi zake zote salama, mafuta yakapungua, akampa Damasi, na Damasi akafungulia rizevu kama mwendesha pikipiki yeyote angefanya. Rizevu inanyonya kutoka chini kabisa ya tangi. Basi kilichoizima injini kilikuwa kimelala chini tangu asubuhi, kizito kuliko petroli. Maji.

Aliyekausha tangi alisahau kitu kimoja. Noela akafungua skrubu za kabureta, akalishusha bakuli lake dogo la chini. Lilikuwa limekauka, lakini ukingoni ulikuwa umeganda ukoko mweupe. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa, kisha, kwa kuwa subira ilikuwa imemwishia tangu Jumamosi, akauweka ulimini.

Chumvi. Chumvi ya jikoni kabisa.

Alitema, akacheka peke yake kwa hasira. Sukari kwenye tangi alishaisikia, mchanga alishauona. Ila nani anachukua maji ya chumvi, tena kidogo hivi, anamtilia mtu anayemchukia? Kidogo kiasi kwamba mlengwa anakimbia siku nzima bila kujua? Adui wa namna gani huyo, mvivu au mjinga?

Wilbroad alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti kifuani. Kijana mkubwa wa mabega, mtoto wa pekee wa mjane wa Singe, watu wa Mbulu waliohamia mjini na jembe lao. Hakuinua kichwa Noela alipoingia.

"Nimefungua kabureta," Noela alisema.

"Umekuta nini?"

Lilikuwa neno la kwanza kumjibu tangu akamatwe. Noela akachuchumaa ili wawe usawa mmoja.

"Chumvi."

Wilbroad akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Andika, afande. Ni mimi."

"Ngoja. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema nitaliandika, litasomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andika ni mimi nimemuua Damasi."

"Ulitia nini?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya bomba."

"Na chumvi?"

"Nilichanganya."

"Ya nini?"

Wilbroad akayavuta magoti kifuani zaidi.

"Haya. Ulitia saa ngapi?"

"Pale mnyororo wake ulipokatika."

"Mbele ya umati, kengele inalia, huku unakimbia na pikipiki? Chumvi ulikuwa umeitia mfukoni, unamsubiri?" Noela alisimama, akapiga hatua mpaka ukutani, akarudi. "Wilbroad, wewe ni mpanda. Unajua injini ikikata kwenye kona inamfanya mtu nini. Na wewe siku nzima umepanda juu ya maji hayo hayo. Nani anatia sumu kwenye chungu halafu anajipakulia wa kwanza? Unamficha nani?"

"Hakuna mtu."

"Ulionja mafuta pale uwanjani. Ukaonja chumvi, ukajua, ukamwaga. Ulijua nini?"

Kijana akageuza uso upande wa ukuta.

"Kesi ya kuua unajua mwisho wake?"

"Najua."

"Ni kitanzi."

"Najua, afande. Mama amekuja leo?"

"Amekuja na chakula. Wamemrudisha, kama ulivyoagiza."

"Asije. Na nakuomba sana, asiulizwe kitu. Damasi ndiyo ameshakwenda. Mimi nimeshakubali. Mama aachwe."

Noela alitoka bila kuandika hata herufi moja. Alijua mkuu wake akisikia kwamba kijana amekiri, atafurahi, atatia sahihi, na kesho itakuwa kesho. Alijua pia kwamba mtu akikuomba usigonge mlango fulani, amekuonyesha mlango. Bila shaka mama alimjua mtu huyo mwenye chumvi. Akavaa kofia, akaiwasha pikipiki ya kazi, ikazima, akaitukana, akaiwasha tena, akaelekea Singe.

Mama Mektilda alikuwa uani anapura mbaazi kwa fimbo, makapi yakipeperuka mpaka kwenye nyanya za jirani. Alipoona gwanda, fimbo ikamwanguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umetoka kwa Wilbroad? Amekula?"

"Hajambo, mama. Nina maswali machache tu. Pikipiki yake Ijumaa ililala wapi?"

"Hapa hapa ndani, sebuleni. Yeye huilaza ndani kama ndama."

"Nani aliingia?"

"Hakuna. Asubuhi akatia mafuta, akaenda kuoga, gari la timu likaja kuichukua."

"Nickson alifika hapa?"

"Nickson ana wiki hajatia mguu."

"Je, kuna mtu anayemchukia mwanao? Jirani, ndugu, msichana?"

"Wilbroad?" Mama Mektilda alishangaa kwa dhati. "Na Damasi walitukanana kwa hiyo Arusha yao, sikatai. Ila Alhamisi walikula hapa, sahani moja, wakanimalizia maziwa. Damasi aliniita mama." Akajifuta macho kwa kanga. "Mtu ametoa pikipiki yake kumpa mwenzake, halafu huyo ndiye muuaji? Mwanangu, mimi sikusoma. Nieleze."

Mlango alioonyeshwa Noela ulikuwa umefunguka na ndani hamna mtu. Alisimama uani pale, akiona ziwa likimetameta kwa mbali chini ya mji, na akasema kitu ambacho mpelelezi hatakiwi kukisema.

"Mama, mwanao hakuua. Hilo ninalijua. Kazi ni kulithibitisha kabla ya kesho."

"Umesema?"

"Nimesema."

Mama Mektilda akapiga ishara ya msalaba, akakimbilia ndani kwa miguu yake ya kuchoka. Noela alikuwa ameshapanda pikipiki, funguo mkononi, mama aliporudi na chupa ndogo ya plastiki. Akanyunyiza usukani, akanyunyiza taa, midomo ikichezacheza. Kisha akaushika mfuniko wa tangi, akaanza kuufungua, bila haraka, kama kazi aliyoizoea.

"Mama, hayo ni nini?"

"Maji ya baraka, ya Pasaka. Padri ameyabariki na chumvi yake ndani. Kama wewe ni Mlutheri, kwenu maji haya hamna, najua, lakini hayabagui mtu." Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza. "Wilbroad huwa namnyunyizia nje tu. Ndani hataki, anasema mama utaniharibia, itazima. Ikizima si atasukuma? Mara ngapi nimemwona anasukuma! Ila Jumamosi nikasema hii ni ya mwisho, ni kubwa, ya nje hayatoshi. Akiwa anaoga nikamtilia humu. Vifuniko vitatu, kwa Utatu."

Upepo ulikuwa umetulia.

"Na Mungu alinisikia, mwanangu," Mama Mektilda akasema, sasa kwa sauti ya chini, ya aibu kidogo. "Siombei mabaya mtoto wa mwenzangu. Lakini siku ile ile pikipiki iangushe mtu, na wangu asiwe juu yake? Nimeshukuru. Nimemlilia Damasi na nimeshukuru."

Akainamisha chupa. Noela akaweka kiganja juu ya mdomo wa tangi, na maji ya baraka yakamwagikia vidole, ya baridi.

Alikuwa na kesi yake sasa, nzima. Neno hili moja, likiandikwa na kuwekwa dole gumba, lingemtoa Wilbroad mahabusu. Neno hilo hilo lingemwambia mama huyu ni mkono wa nani uliomtupa Damasi kwenye uzio, na Wilbroad alikuwa tayari kunyongwa ili asiambiwe. Noela alitamani kuiwasha pikipiki na kuondoka. Tangu azaliwe hakuwahi kutamani hivyo kuondoka mahali.

"Mbona umeziba, mwanangu? Ni kidogo tu."

Noela akachukua mfuniko mkononi mwa mama, akalifunga tangi, akalikaza. Akazichomoa funguo, akavua kofia, akashuka.

"Mama Wilbroad, naomba nitolee kigoda. Na cha kwako. Nina neno, na si la kulizungumza tukiwa tumesimama."

"Jamani, na mimi nimekusimamisha muda wote huu!" Mama Mektilda akaiweka chupa kwa uangalifu juu ya jiwe, ikae wima, akaingia ndani haraka. Akatoka na vigoda viwili, akakichagua kile kizuri, akakipangusa makapi ya mbaazi kwa ncha ya kanga, akakisogeza kwa mgeni.

"Haya, mwanangu. Kaa."

Noela akakaa.